Kupiga Kafi na Watoto Wadogo Boundary Waters

Kaskazini kabisa mwa jimbo la Minnesota, kwenye mpaka wa Marekani na Kanada, kuna pori la maziwa zaidi ya 1,000 linaloitwa Boundary Waters Canoe Area Wilderness. Ndani yake hamna barabara wala umeme, boti za injini zimepigwa marufuku isipokuwa kwenye maziwa machache, na simu hukosa mtandao muda mfupi baada ya kuacha gari. Usafiri ni mtumbwi, na ziwa linapokoma unaubeba mtumbwi begani hadi ziwa la pili. Kwa familia zinazoishi Minneapolis na Saint Paul, mji wa Ely, ambao ni mmoja wa milango ya pori hili, uko mwendo wa saa nne hivi kwa gari, kwa hiyo kila kiangazi wapo wazazi wanaojiuliza kama wanaweza kwenda na mtoto wa miaka minne, au hata wa mwaka mmoja.

Wanaweza, mradi hesabu ianze kwa mtoto mdogo kuliko wote. Muda anaoweza kukaa ametulia, anavyokula, anavyostahimili baridi na anavyokwenda haja, hayo ndiyo yanayoamua kilomita, siku na mizigo. Wanaoharibikiwa ni wale wanaochukua safari waliyoizoea kabla ya kuzaa, kisha wakampakia mtoto juu yake kama shanta la ziada.

Nani yuko tayari

Mtoto mchanga asiyeweza kuishika shingo yake asipandishwe mtumbwini. Kipimo kizuri ni uzito: asubiri afike kilo 8, awe anakaa mwenyewe, na awe anaenea kwenye jaketi la kujiokolea la watoto wachanga. Wa miezi tisa hadi kumi na moja ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, maana analala, ananyonya na hakimbii. Umri mgumu ni mwaka mmoja hadi miwili na nusu: miguu imeshajua kutembea, akili bado haijui ziwa ni nini. Kama una mtoto wa umri huo na ndiyo safari yenu ya kwanza, fikiria kungoja mwaka mmoja. Kuanzia miaka mitatu mtoto anashika amri moja au mbili, na wa miaka sita au saba anapiga kafi kiasi cha kuhisi kwamba naye anaendesha.

Idadi ya watu wazima ina uzito kuliko umri. Kila mtoto wa chini ya miaka sita awe na mtu mzima wake mmoja. Mzazi mmoja na watoto wawili wadogo ni hesabu isiyotoka: mtumbwi ukipinduka una mikono miwili tu, na mmoja kati ya hiyo unaogelea.

Jaketi

Sheria ya Minnesota inamtaka kila mtoto wa chini ya miaka 10 avae jaketi la kujiokolea chombo kinapokuwa safarini. Chukua hicho kama kiwango cha chini. Kwenye safari ya porini kila mtu huvaa, baba na mama kwanza, kwa sababu mzazi anayezama hamwokoi mtu.

Majaketi ya Marekani hupangwa kwa uzito wa mwili: la wachanga ni kilo 3.6 hadi 13.6, la watoto ni kilo 13.6 hadi 22.7, la wakubwa kidogo ni kilo 22.7 hadi 41. Usinunue kubwa ili "akue nalo". Jaketi lililopwaya hupanda hadi masikioni mtoto akiwa majini na kumwacha uso ukielea chini ya ukosi. Kwa mtoto wa chini ya kilo 22 tafuta lenye vitu vitatu: mkanda wa kupita katikati ya miguu, ukosi mkubwa unaoshika kichwa, na mkono wa kushikia nyuma ya shingo.

Lijaribu hivi. Mfungie mikanda yote, mwambie anyooshe mikono juu, kisha mnyanyue kwa mabega ya jaketi. Kidevu na masikio yakizama ndani, ama halijakazwa ama si saizi yake. Halafu mpeleke kwenye bwawa la kuogelea au ufukwe wa ziwa la mjini, kama Bde Maka Ska, umwache aelee umemshika. Hatua hii watu huiruka, nayo ndiyo inayoonyesha kama mtoto atatulia au atapigapiga miguu kwa hofu. Mtoto aliyeelea mara tatu nyumbani hashangai mara ya nne.

Filimbi ifungwe kwenye jaketi lenyewe, usiitundike shingoni kwa kamba. Mfundishe: mipigo mitatu, kisha atulie hapo alipo.

Maji baridi na upepo

Swali la kwanza la wazazi wengi ni dubu. Dubu ni habari ya chakula, tutafika huko. Hatari kubwa kwenye maziwa haya ni ubaridi wa maji.

Barafu huyeyuka kati ya mwisho wa Aprili na nusu ya kwanza ya Mei. Jua linaweza kuwa kali mwezi Mei na maji yakawa bado chini ya nyuzijoto 10. Anayetumbukia kwenye maji ya namna hiyo hupata kama dakika moja ya kuhema bila kujitawala, kisha kama dakika kumi ambazo mikono bado inafanya kazi, kisha kama saa moja kabla ya kupoteza fahamu. Huo ni mwili wa mtu mzima. Mwili mdogo hupoteza joto haraka zaidi, kwa kuwa ngozi yake ni nyingi ukilinganisha na uzito wake. Kwa sababu hiyo msimu wa watoto wadogo ni mwisho wa Julai hadi mwisho wa Agosti: maji yamepata joto, usubi wamekwisha (hushika kasi kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Juni), na mbu wamepungua. Bei za Juni zisikudanganye.

Upepo una ratiba yake. Asubuhi ziwa huwa kama kioo, kabla ya saa sita mchana upepo huamka, mara nyingi kutoka magharibi au kaskazini-magharibi, na hutulia jua likielekea kuzama. Kwa hiyo mtumbwi uwe majini saa moja asubuhi, na ifikapo saa tano mwe mmefika mnakokwenda. Chai ya taratibu na mandazi iwe ya siku ambayo hamhami.

Fuata ukingo. Umbali kutoka nchi kavu usizidi ule unaoweza kuuogelea ukimvuta mtoto, na kwa wazazi wengi huo ni kama mita 30, hata kama kukatisha ghuba moja kwa moja kungekuokolea nusu saa. Ukiona vichwa vyeupe vya mawimbi, usitoke. Kama vimekukuta njiani, nenda nyuma ya kisiwa au rasi yoyote inayokinga, mteremke, mngoje. Wimbi la pembeni ndilo linaloupeleka mtumbwi mrama, kwa hiyo lielekezee omo, yaani ncha ya mbele, kwa mshazari kidogo. Ngurumo ya kwanza ikisikika, tokeni majini, na msirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ya mwisho.

Kibali na njia

Kati ya tarehe 1 Mei na 30 Septemba anayelala humo anahitaji kibali chenye idadi maalumu ya makundi kwa siku, kwa kila mlango wa kuingilia. Nafasi hufunguliwa mwishoni mwa Januari kwenye tovuti ya Recreation.gov, na milango mizuri kwa familia hujaa upesi kwa wikendi za Julai na Agosti. Kuingia Jumanne ni rahisi kuliko Ijumaa. Watoto hulipa nusu ya ada ya mtu mzima. Kundi lisizidi watu 9 na mitumbwi 4, na mtoto wa mgongoni huhesabiwa. Anayeenda kuchukua kibali lazima awe kiongozi aliyeandikwa au mbadala wake aliyeandikwa, kwa hiyo andika majina ya wazazi wote wawili tangu mwanzo.

Hapa porini njia za kubebea mtumbwi kutoka ziwa hadi ziwa huitwa poteji, na urefu wake hupimwa kwa rodi. Rodi moja ni mita 5 hivi, karibu urefu wa mtumbwi, na rodi 320 hufanya maili moja. Ukisoma ramani (za Fisher na za McKenzie ndizo watu wanazobeba, zenye vitone vyekundu vya kambi), tumia hesabu hii: familia haivuki kwa safari moja. Mnapeleka mzigo, mnarudi, mnapeleka uliobaki. Rodi 100 ni mita 500 kwenye karatasi na kilomita moja na nusu kwa miguu yako, na kwa mwendo wa mtoto wa miaka minne anayesimama kwenye kila uyoga, ni saa nzima. Safari ya kwanza isiwe na poteji yoyote ya zaidi ya rodi 50, wala zaidi ya mbili kwa siku.

Njia mbili zinazofaa. Mlango namba 38, ziwa Sawbill, unafikiwa kutoka mji mdogo wa Tofte kwa barabara ya Sawbill Trail. Kuna kambi ya magari papo hapo ziwani, kwa hiyo mnaweza kulala usiku wa kwanza karibu na gari na kuwahi maji asubuhi. Kambi za mtumbwi zipo kwenye ziwa lenyewe bila poteji yoyote, na mkijiona mna nguvu, poteji ya rodi 30 hivi inawapeleka ziwa Alton. Mlango namba 30, Lake One, uko mwisho wa barabara ya Fernberg mashariki mwa Ely. Poteji fupi mbili zinakufikisha Lake Two, na kutoka hapo hadi Three na Four unapita kwa maji tu. Ila Lake One ina visiwa na vihori vinavyochanganya watu wazima wenye dira, na Lake Three ni wazi, upepo ukivuma hauna pa kujificha. Pande hizo pia utaona msitu mchanga uliozaliwa upya baada ya moto mkubwa wa Pagami Creek wa mwaka 2011, kwa hiyo kivuli cha mchana ni haba. Kwa mara ya kwanza, Sawbill.

Kasi ya kupangia ni kilomita 2.5 hadi 3 kwa saa pamoja na kusimama, na majini msizidi saa mbili na nusu kwa siku. Hiyo ni kilomita 6 au 7. Mpango unaotuvutia zaidi ni kuweka kambi moja, kulala usiku mitatu hapo hapo, na mchana kuzunguka na mtumbwi mtupu. Kuhama kila siku na watoto ni kazi ya kukunja na kukunjua hema, hakuna anayestarehe.

Mtumbwi na namna ya kuupakia

Wazazi wawili na mtoto mmoja au wawili wadogo hukaa vizuri kwenye mtumbwi wa futi 17 au 18.5. Wa Kevlar, aina ya nyuzi nyepesi na imara, una kilo 19 au 20 hivi, wa alumini kilo 34. Kodisha wa Kevlar. Utalipa zaidi, lakini mtu mmoja ataubeba kwenye poteji na mwenzake atabaki na mikono ya kumshika mtoto. Udhaifu wake ni kwamba hauvutwi juu ya mawe wala haupandishwi mchanga kwa kishindo.

Mzigo mzito ukae chini, katikati. Mtoto akae sakafuni mbele kidogo ya mtu wa tezi, yaani wa nyuma, juu ya godoro la sponji la sentimita 2, shanta likiwa egemeo lake. Mtu wa nyuma anamwona muda wote, wa omo hamwoni. Ukishapakia, tazama mtumbwi kutoka pembeni: tezi iwe chini kuliko omo kwa kiasi kidogo sana, na ubavu ubaki juu ya maji kwa sentimita 15 au zaidi. Omo ikizama kuliko tezi mtumbwi hauendi unakoelekezwa, na wazazi huanza kulaumiana makafi.

Mtoto asifungwe kwenye mtumbwi kwa namna yoyote: mkanda wa kiti, kamba ya mkono, wala mbeleko mgongoni au kifuani. Mtumbwi ukigeuka, kinachomshikilia ndicho kinachomzamisha. Kamba zote ndefu zikunjwe na kubanwa chini ya shanta.

Matone ya makafi hujaza sakafu polepole, na mtoto aliyekaa kwenye maji huanza kutetemeka kabla hujajua sababu. Beba sponji kubwa na upo wa kufulia maji, ambao ni galoni la maziwa lililokatwa chini kwa kisu na kubaki na mkono wake. Mpe mtoto hiyo kazi. Mpe na kafi lake, linalofika kidevuni akisimama. Litawapunguzia mwendo na litadondoka mara tano, lakini linaelea na mtaliokota. Kafi la ziada la mtu mzima ni lazima.

Kupanda kuna mpangilio wake. Mtumbwi uelee mzima kwanza, pasiwe na ncha iliyokaa juu ya jiwe, maana chombo kilichoning'inia hivyo hupinduka kirahisi na Kevlar hupasuka. Hii inamaanisha kulowa miguu hadi magotini, basi vaeni viatu vya kufunga vya kulowana. Mizigo iingie, kisha mtu wa omo, ambaye atakaa na kuweka kafi kukatisha ubavu hadi ubavu. Wa tezi, akiwa amesimama majini, ampokee mtoto na kumkalisha, ndipo naye apande. Kushuka ni kinyume chake. Ajali nyingi ndogo hutokea hapa kwenye kina cha magoti, pale mtoto anaposimama kwa furaha ya kufika.

Amri za mtumbwini ziwe mbili tu, na ziimbwe tangu sebuleni: makalio sakafuni, mikono ndani. Mtoto akiinama kutazama samaki, wazazi wawili huegemea upande wa pili kwa pamoja, na huko ndiko mtumbwi unakopinduka. Wakubaliane kabla: wa tezi ndiye anayesawazisha, wa omo hatikisiki.

Ili akae: kitafunwa kidogo kila dakika 30, vitendawili, kuhesabu visiwa, na kuteremka kila baada ya dakika 45 hadi saa moja. Wengi hulala, mtikisiko wa maji unawabembeleza. Acha jaketi lilivyo, mfunike miguu, mwekee kofia pana. Mwavuli usifunguliwe, unashika upepo kama tanga.

Kupinduka

Lifanyieni mazoezi siku ya joto, karibu na ufukwe, mizigo ikiwa nchi kavu. Kila mtoto awe na mtu wake aliyetajwa kwa jina kabla ya safari. Mtumbwi ukigeuka, mshike mtoto wako kabla ya kitu kingine chochote, itaneni majina, kisha mshike mtumbwi, kwa kuwa unaelea na unaonekana. Mpandishe mtoto juu ya mgongo wa mtumbwi uliogeuka ili mwili wake utoke majini, na mwogelee kuelekea ukingoni. Shanta mliache liende. Likifungwa vizuri ndani ya mfuko usiopitisha maji litaelea na mtalikuta kwenye ghuba jioni.

Nchi kavu: vua kila kilicholowa, kausha, vika nguo kavu na kofia, mpe kitu chenye sukari. Seti ya nguo kavu ya kila mtoto pamoja na kiberiti viwe kwenye mfuko mdogo wa peke yake unaofikika bila kufungua shanta kubwa. Nguo ziwe za sufu au za nailoni. Pamba ikilowa hunyonya joto la mwili, na usiku wa Agosti unaweza kushuka chini ya nyuzijoto 10.

Kwenye poteji

Mtoto haachwi peke yake penye maji, hata kwa dakika ya kwenda kuchukua shanta. Mnapofika, mtu mmoja anatangulia na mtoto na mzigo mwepesi, mwingine anafuata na mtumbwi. Mkifika upande wa pili, mmoja anabaki na mtoto hatua kadhaa mbali na maji, mwenzake anarudi kwa mzigo uliobaki. Jaketi halivuliwi mpaka mtoto awe mbali na gati la mawe, maana mawe ya hapo huwa na utelezi wa kijani. Mtoto wa miaka mitatu abebe kitu chake, walau chupa yake ya maji: anayebeba hutembea, asiyebeba huomba kubebwa.

Kambini

Kila kambi ina chuma cha kuwashia moto na choo, ambacho ni kiti cha plastiki msituni kisicho na ukuta wala paa. Tundu lake ni la mtu mzima na mtoto mdogo anaweza kuteleza ndani, kwa hiyo mshike kwapani au beba poti, ile sufuria ndogo ya plastiki ya watoto, umwage chooni. Kwa uzito wake hakuna kifaa kitakachokufaa zaidi. Mtumbwini nako inatumika.

Nepi hazitupwi chooni wala motoni. Kinyesi kitie chooni, nepi itie mfuko wa kuziba, na huo uwe ndani ya mfuko wa pili. Hesabu sita kwa siku na za siku moja ya ziada. Zilizojaa mkojo tu zianikwe juani kwenye mwamba kwanza. Maji yakikauka mzigo wa kurudi nao hupungua sana.

Mkifika, kabla ya hema, zungukeni na mtoto mpaka wa kambi na mfunge utepe mwekundu kwenye miti. Ndani ya hatua tano kutoka ziwani jaketi huvaliwa hata kama anachezea kokoto tu. Aliyepotea msituni akumbatie mti alio karibu nao na kupuliza filimbi, asitembee. Tazama juu pia: usiweke hema chini ya mti uliokufa.

Maji ya kunywa yachotwe mbali kidogo na ukingo na yachujwe kwa chujio linalozuia giardia, kijidudu cha kuharisha, au yachemke kwa dakika moja kamili. Penye utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, msichote wala msiogelee. Sumu ya mwani huo haiishi kwa kuchemsha. Kuosha vyombo na kuoga kwa sabuni ni umbali wa mita 45 kutoka ziwani.

Makopo na chupa za kioo za vyakula na vinywaji ni marufuku humo, kwa hiyo maziwa yawe ya unga na maharage yawe yamepikwa na kukaushwa. Unga wa mahindi unafaa sana: nusu kilo na lita moja ya maji hushibisha wazazi wawili na watoto wawili. Chapati hukaa siku mbili au tatu. Uji wa ulezi huiva haraka na mtoto anaujua, na jioni ya kwanza si wakati wa kumjaribia chakula kigeni. Dagaa ni kitamu na ni wepesi, lakini harufu yake hufika mbali. Kama huwezi kuwaacha nyumbani, wafunge mifuko miwili.

Hapo tumefika kwa dubu. Ni dubu weusi, wanaotafuta chakula. Agizo la Msitu wa Taifa wa Superior, ambamo pori hili limo, linataka chakula, takataka na vyote vyenye harufu (dawa ya meno, mafuta ya mtoto, vifutio vya nepi) viwe kwenye kasha lililothibitishwa kuzuia dubu, au vitundikwe futi 12, karibu mita 3.7, kutoka ardhini na futi 6, yaani mita 1.8, kutoka kwenye shina. Kodisha kasha. Kutafuta tawi la kufaa huku giza linaingia na mtoto analia ni adhabu. Zaidi ya yote kagua mifuko ya suruali za watoto kabla hawajaingia hemani, biskuti hupenda kujificha humo.

Dawa ya wadudu yenye DEET asilimia 10 hadi 30 inatumika kwa watoto waliozidi miezi miwili. Ipake wewe kwa kiganja chako, usiipake mikononi mwao wala karibu na macho. Mafuta ya mkaratusi-limau hayafai kwa walio chini ya miaka mitatu. Mikono mirefu, suruali ndani ya soksi na chandarua cha kichwa husaidia kuliko dawa zote. Ruba wakimng'ang'ania mtoto miguuni, mteleze kwa ukucha mdomo wa ruba, hawana madhara makubwa zaidi ya kelele.

Sanduku la dawa: paracetamol ya maji pamoja na kipimo kilichoandikwa kwa uzito wa kila mtoto, chumvichumvi za kurudisha maji mwilini mtoto akiharisha, dawa ya mzio, kipimajoto, plasta, koleo ndogo. Kifaa cha ujumbe wa setilaiti kibebwe, na watu wazima wote wawili wajue kukitumia. Chakula kiwe cha siku moja zaidi ya mpango, kwa sababu upepo ukigoma hamtoki.

Baada ya kurudi

Kupe wa kaskazini mwa Minnesota hubeba ugonjwa wa Lyme. Wakague watoto kila jioni kambini na tena mkifika nyumbani: nyuma ya masikio, kwenye nywele, kwapani, kitovuni, nyongani. Kupe aliyeganda mshike kwa koleo karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu kwa kunyooka, bila kumchoma moto wala kumpaka mafuta. Andika tarehe. Kati ya siku 3 na 30, ukiona wekundu unaotanuka kwenye ngozi, au homa isiyo na sababu, mpeleke mtoto kwa daktari na umwambie tangu mlangoni kwamba mlikuwa Boundary Waters. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kama doa la zambarau au la kahawia, na mtu asiyeutafuta huupita.